Kuingiza Rust kwenye programu ya C: angalia prosesa za watumiaji wako kwanza

Mkuu, umeuliza kama mhamishie lugha ya Rust sehemu ya kuchambua data kwenye programu yenu huria iliyoandikwa kwa lugha ya C, na kama kuna haja ya kujali prosesa nyingine zaidi ya x86-64 na ARM64, zile za kompyuta na simu za kawaida. Haja ipo. Natunza programu ya kukusanya vipimo vya maji na umeme, na inakaa kwenye ruta za bei nafuu zenye OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta) na kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi Zero za zamani. Huko ndiko nilikojifunzia haya.

Sababu yenu ya kuhama ni ya kweli. Makosa mengi ya kumbukumbu huzaliwa pale C inapochambua data iliyotoka nje, na Rust huyazuia mengi kabla programu haijawashwa. Sikwambii muache.

Shida iko kwenye kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa. C inafika karibu kila mahali kwa sababu kompaila yake ya GCC imefanyiwa kazi kwa miongo mingi kwenye prosesa za kila aina. Rust inategemea LLVM, mfumo mwingine wa kutengeneza amri za prosesa, na LLVM haizihudumii prosesa za Alpha, HPPA wala SuperH. Tena Rust hupanga prosesa kwa madaraja. Za daraja la kwanza hujaribiwa kila mara, za pili huhakikishwa kwamba zinakompailika tu, na za tatu msimbo wake upo lakini hakuna anayekuahidi chochote. Wengi wakiliona jina la prosesa kwenye orodha wanadhani kazi imeisha. MIPS imo kwenye orodha, ila mwaka 2023 ilishushwa hadi daraja la tatu. Na ruta kibao zilizoko majumbani na madukani leo ni za MIPS!

Nilipojaribu Rust kwenye ruta ya MIPS ya biti 32, msimbo wangu ulikuwa sawa. Kilichogoma ni maktaba ya ndani kabisa, niliyoletewa na maktaba nyingine, iliyotumia AtomicU64 (namba ya biti 64 inayobadilishwa kwa hatua moja isiyokatizwa), kitu ambacho prosesa hiyo haina. Dawa ilikuwa kuweka mahali pake maktaba ya portable-atomic, inayoiga kitu hicho. Pi Zero ya kwanza nayo ni ARMv6, kizazi cha zamani cha prosesa za ARM. Ukiiwekea faili iliyokompailiwa kwa ARMv7, inaweza kufa papo hapo kwa kukutana na amri isiyoijua. Wala usiikompailie Rust humo ndani, RAM ya MB 512 haitoshi kwa mradi wenye tegemezi nyingi. Kompaili kwenye mashine kubwa, uhamishe faili.

Ninalokusihi zaidi ni hili: jua nani anawategemea ninyi. Programu ya mwisho ikihama, anaguswa mtumiaji wake. Maktaba ikihama, inawavuta hata watu ambao hawajawahi kusikia jina lake. Februari 2021 maktaba ya Python iitwayo cryptography, toleo la 3.4, ilianza kuhitaji kompaila ya Rust. Waliopata vifurushi vilivyokompailiwa tayari hawakuhisi kitu. Waliojenga kwenye Alpine, Linux isiyotumia glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi), na watu wa Gentoo, Linux ambayo mtumiaji huijenga mwenyewe, wenye prosesa adimu, wakakuta ujenzi umekwama. Toleo hilo lilikuwa bado linakuruhusu kuizima Rust; toleo la 35.0, la mwaka uleule, likaufunga mlango huo.

Linganisha na APT, programu ya kusakinisha vifurushi kwenye Linux ya Debian. Mwishoni mwa Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Rust itakuwa ya lazima, lakini si kabla ya Mei 2026, na wanaotunza prosesa zisizo na kompaila hiyo wakapewa miezi 6 wajipange. Wapo walioona ni ukali. Mimi naona ni heshima, kwa sababu tarehe ilijulikana mapema.

Kwenu, ningeacha njia ya C ibaki kama chaguo kwa matoleo mawili hivi huku Rust ikizoeleka, na ningetaja waziwazi prosesa mnazozijaribu. Jaribuni pia s390x, prosesa ya mashine kubwa za IBM, kwa QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, maana s390x hupanga baiti kinyume na x86, na baadhi ya ruta za MIPS ziko hivyohivyo. Kuna miradi ya gccrs na rustc_codegen_gcc inayotaka kuifikisha Rust kwenye prosesa za GCC. Ifuatilieni, ila msijengee mpango juu yake sasa.

Weka hapa majibu ya amri ya uname -m (hutaja aina ya prosesa) kutoka kwenye vifaa vya watumiaji wenu, pamoja na matokeo ya cargo tree (huorodhesha maktaba ambazo mradi wa Rust unazitegemea) ya jaribio lenu la kwanza. Nitayapitia niwaonyeshe maktaba zitakazowasumbua.