Chumvi Niliikimbia Jikoni, Kumbe Nakunywa kwenye Glasi ya Dawa

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, mama yake ana presha, chumvi kaacha, dawa anakunywa na bado haishuki. Nikamuuliza kitu kimoja tu, maumivu anatumia dawa gani? Akasema zile za kutumbukiza kwenye maji zinachemka. Nikajiona mwenyewe kabisa.

Mwaka jana mgongo ulinitesa, nikawa nakunywa parasetamo za mapovu sita kwa siku, asubuhi naongezea na vitamini C ya mapovu, nikijua najitunza. Mboga yangu napika kisufuria changu peke yake haina hata punje ya chumvi. Nafika kliniki napimwa, 158 kwa 96, daktari ananiambia mbele ya watu, "Mama, chumvi hujaacha, unatudanganya." Likinijia linaniuma mpaka leo, maana sikuwa nadanganya.

Aliyenifumbua macho ni binti wa duka la dawa. Kaniuliza una presha? Akageuza boksi akanionyesha kwa kidole, kidonge kimoja sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, karibu miligramu 400. Piga mara sita, 2,400! Na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima awe chini ya 2,000 kwa siku, chakula chote humo humo, sawa na kijiko cha chai cha chumvi. Yale mapovu ni baikabonati ya sodiamu ikikutana na asidi, na hiyo ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Ulimi hausikii chumvi, ila sodiamu ikishaingia mwilini inashikilia maji, damu inajaa, presha inapanda.

Nikahamia vidonge vya kumeza vya kawaida, dawa ileile. Dawa za presha sikubadilisha, niliendelea nazo vilevile. Wiki sita baadaye, 134 kwa 84.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliangalia rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni 1.2, wakaandika kwenye jarida la BMJ kwamba waliotumia dawa zenye sodiamu nyingi walikuwa na presha zaidi, na kiharusi pia. Jamani someni maboksi! Hata zile za unga za kiungulia zimo. Kliniki beba kila unachokunywa, hata ulichonunua dukani bila cheti, na dawa ya presha usiiache kwa sababu umesoma hapa kwangu.

Dada, nasubiri picha ya boksi la mama.