Barua kwa mwanangu aliye San Juan La Laguna

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: mama mwenye nyumba unayokaa muhula huu huko Guatemala amekupa huipil, ile blauzi yao ya kufumwa, uivae sikukuu ya kijiji. Je, uivae, au utaonekana unawaigiza Wamaya, wenyeji wa asili wa huko?

Ivae. Amekupa mwenyewe, kwa mkono wake. Ulinieleza anavyofuma: kamba moja imefungwa mtini, mkanda umemzunguka kiunoni, na akiegemea nyuma ndipo nyuzi zinakaza. Mwili wake ndio nusu ya mtambo. Ukikataa kitu kama hicho kwa kuogopa kusemwa, utakuwa umejifikiria wewe, yeye umemsahau.

Ila ujue unachovaa. Kila kijiji kina nakshi zake, na mwenye macho anajua mwanamke ametoka wapi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko, 1960 hadi 1996, watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya, na wapo wanawake walioyavua mavazi hayo wasitambulike. Usimhoji habari hizo. Siku akiamua kusimulia, kaa chini usikilize.

Picha ni jambo jingine. Mkienda Chichicastenango siku ya soko, Alhamisi au Jumapili, mtawakuta watu wakifukiza ubani wa kopali kwenye ngazi za kanisa la Santo Tomás, wakiomba kwa desturi za mababu zao. Simu ibaki mfukoni. Nilikuwa na miaka tisa wageni walipoingia na kamera kwenye msiba wa bibi yangu. Mama alikuwa mkekani analia, wakamwinamia wakampiga picha. Hakuna aliyewafukuza, maana mgeni hafukuzwi. Mama hakulia tena siku ile. Alijifunika kanga usoni hadi jioni.

Jikoni ndiko nakuonea wivu. Mahindi tunayoyasaga hapa Iringa asili yake ni upande huo wa dunia, lakini wao huyachemsha kwanza na chokaa, maganda yakalegea, ndipo wakasaga. Mwulize chokaa anaipimaje, nijaribu.

Nimekutumia doti moja ya kanga. Sijaikata. Ikateni pamoja, mpinde, kipande kimoja chake, kimoja chako, na jina la kanga umtafsirie.

Mama yako