Binti hajafikisha 15, baba anasema tuandike 15

"Jambo yako Tantine. Niko mama wa watoto watatu hapa Lubumbashi, Bel-Air. Bwana yangu aliona video ya watu wakishuka mto Zambezi kwa boti la mpira, na usiku ule ule akawaahidi watoto: vakansi ya Agosti tunaenda Livingstone, Zambia, wote, tutashuka mto, tutalala kwenye loji ya porini. Avansi ameshatuma. Sasa wenye boti wamejibu kwamba hawachukui mtoto wa chini ya miaka 15. Kijana wetu ana 17, yeye hana shida. Binti ana 14, atafikisha 15 mwisho wa Novemba. Mdogo ana 11, tulijua atabaki juu. Binti analia, anasema tukimwacha huku kaka yake anashuka hatatusamehe. Baba yao anasema, 'Miezi mitatu ni nini? Andika 15.' Na fomu anataka niijaze mimi, eti mwandiko wangu ni mzuri. Niandike? Nikuambie na jingine: waliposema 15, nilifurahi kidogo. Sijui kuogelea. Kaka yangu mkubwa alizama katika Lufira nikiwa na miaka tisa, watoto hawajui. Nimewaambia wa nyumbani kwamba kazini hawatanipa ruhusa ya kwenda. Mama wa Bel-Air."

Mama, usiandike 15. Hilo nalimaliza haraka kwa sababu ndilo jepesi. Mtavuka mpaka wa Kasumbalesa na paspoti ya mtoto mkononi, na tarehe yake ya kuzaliwa imechapwa humo. Mwenye boti akiomba kuiona pale Livingstone, baba atasema nini mbele ya binti yake? Na likitokea la kutokea, watu wa asiransi, wale wa bima, watasoma ile fomu neno kwa neno, na watakuta mkono wako, si wake. Mwandiko mzuri! Wanaume wakitaka saini kwenye jambo wasilolitaka kwa jina lao, ghafla sisi wote tunakuwa na mwandiko mzuri.

Lakini najua ukimjibu "si halali" atacheka. Basi mwambie mto wenyewe ulivyo, maana video haikumwonyesha yote.

Mtakaposhuka ni korongo la Batoka, chini ya Maporomoko ya Viktoria, yale wenyeji wanayoyaita Mosi-oa-Tunya. Maji yameanguka mita 108, halafu yanabanwa kati ya kuta za mawe meusi. Waongoza boti wanapima ukali wa maji kutoka 1 hadi 6, na 6 ni pale ambapo hawapeleki abiria. Batoka sehemu nyingi ni 4 na 5. Kila poromoko dogo lina namba yake, na ukifika namba 9 mnateremka, mnatembea juu ya mawe kwa miguu, mnaungana na boti mbele. Maboti kupinduka huko si ajali, ni sehemu ya siku. Mimi nilipinduka. Niliibuka chini ya boti, giza, mvumo wa maji masikioni, mkono mmoja bado umeshika kafi kama mjinga. Kilichonitoa si ujasiri, ni jile, lile koti la kuelea. Yule kijana aliyetuongoza alikuwa ameifunga asubuhi hadi nikalalamika siwezi kupumua, kisha akaivuta juu kwa mabega yote mawili kuona kama itafika masikioni. Haikufika. Kwa mtoto mwembamba inafika, na jile inayofika masikioni majini inamvuka kichwa, inaondoka peke yake.

Halafu kuna jambo ambalo video zote zinalikata: kutoka. Ukimaliza kushuka, uko chini ya korongo lenye kina cha zaidi ya mita 200 na gari liko juu. Nilipanda nikikaa kila hatua ishirini, kitenge kimelowa, magoti yanatetemeka, na kijana aliyebeba rundo la makafi begani alinipita amevaa kandambili, akanisalimu vizuri kabisa. Umri wanaouweka unahesabu na huko kupanda.

Sasa suluhisho, na ninashangaa hamkuliona kwa kuwa umeliandika mwenyewe katika barua. Binti anafikisha 15 mwisho wa Novemba. Vakansi ya Noeli inafuata wiki chache baadaye. Sogezeni safari.

Bwana yako atasema Desemba ni mvua, mto umejaa. Hapana. Mvua ya Livingstone siyo inayoujaza mto pale. Zambezi inaanzia kaskazini-magharibi ya Zambia, karibu kabisa na mpaka wetu, inazunguka Angola, kisha maji ya mafuriko yanatapakaa katika uwanda wa Barotse na kukaa humo kwa majuma mengi kabla ya kuteremka. Ndiyo maana Maporomoko yanajaa kabisa Machi na Aprili, mvua zikiwa zinaisha. Kuanzia Agosti hadi Desemba kwa kawaida mto uko chini, mawe yametokea, na ndiyo miezi ya kushuka Batoka sehemu yote. Mwandikieni mwenye boti leo, mwombe avansi ihamie Desemba, na kubalini kwamba neno la mwisho atalisema yeye wiki ile ile akitazama mto. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mmesafiri karibu kilomita 1000.

Kuna mtakachokosa, nisikufiche. Desemba upande wa Zambia ukuta wa Maporomoko unakuwa karibu mtupu, nyuzi za maji tu kwenye jiwe, na yale manyunyu yanayolowesha msitu mdogo ulio mbele yake yamepungua. Watu wanataka Maporomoko yaliyojaa na mto wa kushuka katika safari moja. Agosti wanaokota kidogo ya vyote viwili. Nyinyi mtachagua mto, kwa sababu ndio mtoto anaoulilia. Na mbu wa Desemba si wa Agosti: kapimeni kabla, muulizeni daktari dawa ya kuzuia malaria, chandarua msikisahau. Karata ya homa ya manjano kila mtu awe na yake, na habari za viza kaulizeni konsula ya Zambia hapa mjini mapema, si siku ya kufunga mizigo.

Na akikwambia haraka-haraka kwa kuwa watajenga bwawa Batoka na mto utafunikwa, mjibu kwamba bwawa hilo linazungumzwa kwa miaka mingi sana. Litasubiri hadi Noeli.

Ule mpango wa kijana ashuke Agosti na baba, binti abaki juu apige picha, hata msiujaribu. Huyo binti hajakosea kitu, amezaliwa Novemba tu.

Mdogo wa miaka 11 msimfanye mzigo. Juu ya Maporomoko mto ni mpana na mpole, wapo wanaochukua familia kwa boti la mpira kwa utaratibu, na anayeongoza anajua viboko wanalala wapi. Waulizeni umri wao, nao wanao. Halafu mpelekeni kwenye daraja. Lilifunguliwa 1905, na reli iliyoingia mji wetu 1910 ilitoka kusini ikipita juu ya daraja hilo. Mtoto wa Lubumbashi akisimama pale anajua treni iliyoleta mashine za kuyeyusha shaba ilipita wapi. Hata barabarani ana la kutazama: mpaka wetu upande ule unafuata mgongo wa maji. Tone la mvua likianguka huku linaelekea Luapula na Kongo, likianguka upande wa pili linaingia Kafue na kuishia Zambezi. Mwambieni pale Kasumbalesa, malori yamepanga foleni na nyinyi mmekaa tu. Baba naye akumbushwe kwamba Zambia wanashika kushoto.

Loji sina mengi. "Porini" ya kule ni miti kama ya kwetu, si msitu wa Equateur. Vijana watalalamika mtandao hauko siku ya kwanza, siku ya pili watanyamaza. Usiku mlinzi mwenye tochi ndiye anayewasindikiza hadi kwenye hema, hata kama ni hatua thelathini. Kijana wa miaka 17 atajifanya hamhitaji. Kwenye hilo uwe mkali.

Nirudi kwako, mdogo wangu, maana barua yako ina watu wawili wanaotaka kudanganya. Bwana yako anataka kumwongezea binti miezi mitatu. Wewe umeshamwambia kila mtu nyumbani kwamba kazini hawakupi ruhusa. Ulifurahi waliposema 15. Hukufurahi kwa ajili ya binti, ulifurahi kwa sababu mto ulikuwa umepata mlango wa kufungwa na si wewe uliyeufunga. Sikulaumu. Mtoto wa miaka tisa aliyemsubiri kaka yake kando ya Lufira bado yumo ndani yako, na huyo hana haja ya kushuka Batoka kumfurahisha mtu yeyote. Mama anaweza kukaa juu ya korongo na Fanta baridi, akawangoja. Wengi wanafanya hivyo. Lakini kaa pale kwa jina la hofu yako, si kwa jina la mkubwa wako wa kazi, maana kijana wa miaka 17 na binti wa karibu 15 wanajua ukiwadanganya. Wameshajua, nakuapia.

Toka sasa hadi Desemba una Jumamosi nyingi. Wapeleke watoto pisini, wote watatu, na wewe uingie kwenye kina kifupi. Kuna jambo moja wajifunze kabla ya mitindo yoyote: kuelea chali, miguu mbele, vidole vya miguu nje ya maji. Ukianguka mtoni hivyo ndivyo unavyokwenda hadi urushiwe kamba. Hata ukihisi jiwe chini usisimame, mguu ukinaswa kati ya mawe maji yanakulaza kifudifudi. Mwache kijana wako akushike chini ya mabega huku ukielea. Atashangaa jinsi mama yake alivyo mwepesi.

Na hiyo habari ya Lufira usiipangie mkutano. Ngoja usiku umeme ukatike, simu zimeishiwa chaji, wote mmekaa kwenye mshumaa mmoja kwa sababu hakuna pengine pa kukaa. Waambie mjomba wao aliitwa nani, alipenda nini, ule mto ulikuwaje siku ile. Baba yao awepo, huenda naye hajawahi kuisikia yote.

Akikuletea tena ile fomu baada ya hapo, mrudishie pamoja na kalamu, aandike mwenyewe tarehe ya Novemba.