Kutafakari kwa Midomo

Anayeanza meditesheni huambiwa akae kimya, afumbe macho, atoe mawazo yote kichwani. Dakika ya tatu anawaza kodi ya nyumba. Ipo njia ya zamani ambayo haidai kimya hata kidogo.

Zaburi 1:2 inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana “huitafakari mchana na usiku”. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni haga, yaani kutoa sauti ya chini. Ndicho hicho cha simba angurumaye juu ya mawindo (Isaya 31:4) na cha hua aliaye (Isaya 38:14). Tafsiri ya Kilatini ikaweka meditari, kuwaza na pia kufanya mazoezi. Watawa waliokaa na Zaburi hizo walilitamka andiko tena na tena, kama ng’ombe anavyocheua. Katika karne ya 12 Guigo II, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa, aliipanga kazi hiyo kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu.

Chukua mstari mmoja, si sura nzima. “Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu” unatosha kabisa. Usome kwa sauti mara mbili, ufunge kitabu. Vuta pumzi kimya, na unapoitoa tamka nusu ya kwanza. Vuta tena, tamka ya pili. Sauti iwe ndogo kiasi kwamba aliye chumba cha pili asisikie. Anayevuta uradi hapa hahitaji kufundishwa. Fanya hivyo dakika kumi. Neno moja likikushika, tuseme “sitapungukiwa”, baki nalo hilo tu, hata kama mstari hautaisha leo. Ombi likija, omba.

Kinachoharibu zaidi ni uchambuzi: nani aliandika, lini, kwa nini. Hayo ni ya ngazi ya kwanza, yamalize kabla hujafunga kitabu, na daftari likae mbali. Usingizi humpata aliyeshiba au aliyejilaza. Simama, au tembea ukitamka.

Mawazo kutoroka si kosa. Faida ya midomo ni kwamba akili ikiondoka, ulimi hukwama au huanza kukimbia, nawe unajua papo hapo. Rudi mwanzo wa mstari, bila kujilaumu. Kaa na mstari huo wiki nzima ndipo uhamie mwingine. Zaburi 27:1 nayo hugawanyika vizuri kwa pumzi mbili.