Maswali ya Wasomaji: Kisima Kinanuka Petroli, Tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi dada. Naishi Mbagala, nyumbani tuna kisima cha pete tulichochimba wenyewe tukakifunga pampu, maji yake tunakunywa miaka yote. Kwa juu yetu kidogo kuna sheli. Masika ya mwaka jana maji yakaanza kunuka petroli, kiangazi harufu ikaisha tukaendelea kutumia, sasa mvua zimerudi na harufu imerudi kali kuliko mwanzo, ukiacha ndoo usiku asubuhi unakuta juu utando wa rangi rangi. Mume wangu anasema tuwe tunachemsha, jirani anasema tuite fundi ashuke akisafishe. Tufuate lipi? – *Mama wa Mbagala*

JIBU: Pole sana mama yangu. Kabla ya yote, nakuomba fundi asishuke kwenye hicho kisima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama kule chini, mtu akishuka anaishiwa nguvu kabla hata hajaita, na anayemfuata kumuokoa anabaki huko huko. Msiwashe kiberiti wala sigara karibu na mdomo wa kisima, na pampu izimeni kwenye swichi ya mbali mpaka watu wanaojua waje, kwanza inaweza kutoa cheche, pili kila ikivuta maji inazidi kuyaita mafuta yaje upande wenu.

Kuchemsha nako hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hapa tatizo si vijidudu. Ndani ya petroli kuna kemikali inaitwa benzini, ndiyo mbaya kuliko zote maana ukiipata muda mrefu inaleta saratani ya damu, na ukiiweka motoni inageuka mvuke unaouvuta wewe na watoto hapo jikoni. Hata kuoga hayo maji bafuni kumefungwa madirisha si salama, kwahiyo kwa sasa nunueni maji au mchukue ya bomba, ya kunywa, kupikia na kuoga, hicho kisima kifungeni kwa mfuniko na muwaambie na wapangaji.

Sasa kwanini harufu inakuja na kuondoka, maana hapo ndipo wengi wanadanganyika. Tangi la sheli liko chini ya ardhi, likitoboka au bomba lake likilegea petroli inashuka taratibu kwenye mchanga, nyingine inanasa kwenye udongo njiani, nyingine inafika kwenye maji na kwa kuwa ni nyepesi inaelea juu yake. Masika maji ya ardhini yakipanda yanaibeba ile petroli juu na kuosha ile iliyonasa, kiangazi yakishuka yanaipakaza kwenye udongo wa chini zaidi inakaa pale kusubiri mvua nyingine. Kwahiyo harufu kupotea haikumaanisha kisima kimepona. Na benzini inayeyuka kwenye maji, inaweza kuwepo bila utando na bila harufu ya kusikika, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 tu kwa lita, pua ya mtu haifiki huko.

Andikeni barua serikali ya mtaa mkiwa majirani kadhaa, nakala ipeleke NEMC (baraza la mazingira la taifa), EWURA ambao ndio wanasimamia vituo vya mafuta, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Muwaambie tarehe harufu ilipoanza, sheli iko upande gani, visima gani vingine vinanuka. Sampuli ikichukuliwa iwe kwenye chupa safi ya kioo, ijazwe mpaka juu kabisa isibaki hewa, iwekwe kwenye barafu ifike maabara haraka, na mseme wazi mnataka kipimo cha mafuta na benzini kwa sababu ukisema tu pima maji watakupimia vijidudu na chumvi, majibu yatarudi "salama" na kesi imeisha hapo.

Kwamba itasafishwa vipi: kitu cha kwanza ni kuziba kinapotoka. Tangi lipimwe kama linashika presha, likitolewa nje udongo ulioloa uchimbwe uondolewe. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona watu wanahangaika kuchuja maji huku tangi bado linavuja, kazi hiyo haina mwisho. Baada ya hapo yanachimbwa mabomba membamba kuzunguka eneo kuangalia mafuta yameenda mpaka wapi, yanayoelea yanavutwa, mvuke ulio kwenye mchanga unanyonywa kwa mashine, na maji machafu yanapandishwa juu kuchujwa kwa mkaa maalumu wa viwandani (huu wa kupikia wa gunia haufanyi kazi hiyo, tafadhali msijaribu). Kinachobaki mara nyingi kinamaliziwa na bakteria waliomo kwenye udongo wenyewe, wanakula mafuta hasa wakiongezewa hewa.

Ila ni kazi ya miaka mama, sitaki kukuficha. Karibu na mji wa Bemidji kule Minnesota, Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka mwaka 1979 yakamwagika kama mapipa 10,700, mengi wakayaokota lakini yaliyozama mpaka leo yapo, na wanasayansi wanayafuatilia tangu 1983. Hapo ndipo walipoona vizuri bakteria wanavyokula benzini na kuizuia isiende mbali. Na Ogoniland, Nigeria, Umoja wa Mataifa walipopima walitoa ripoti 2011 kwamba kule Ogale watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kikomo, kuna sehemu mafuta yanaelea juu ya maji ya ardhini kwa unene wa sentimita 8, wakasema kurejesha eneo lote itachukua miaka 25 mpaka 30. Ndio maana nasema pelekeni barua wiki hii, mafuta hayakai sehemu moja yakawasubiri. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema aliyechafua ndiye anayegharamia, kwahiyo msikubali kuambiwa mchange nyinyi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Mombasa, nimenunua ploti ndogo ambapo zamani kulikuwa na watu wanayeyusha betri za gari kutoa risasi (ile metali ya ndani ya betri). Nataka nilime mchicha na nijenge, nina watoto wawili wadogo. Nimeona mtandaoni wanasema nikipanda alizeti zitavuta sumu yote msimu mmoja, ni kweli? – *Baba wa Wawili*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujajenga. Hapo Mombasa mnaijua habari ya Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua mtaa mzima kwa risasi, mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu. Risasi haiozi wala haichukuliwi na maji ikaenda zake kama petroli, inakaa kwenye sentimita chache za juu za udongo kizazi na kizazi, na wanaoumia zaidi ni watoto, wanacheza chini, mikono inaenda mdomoni, inaharibu ubongo bila dalili ya kuonekana mapema.

Alizeti kwa risasi si kweli. Risasi inashikana na udongo kwa nguvu, mmea unavuta kidogo mno, utapanda miaka mingi sana kipimo hakisogei, na hayo mashina yenyewe yanakuwa taka ya sumu huwezi kumpa mbuzi. Mchicha nao usipande hapo, majani yanashika vumbi na kuoshwa haliishi lote.

Peleka udongo maabara kwanza, chukua wa juu sehemu tofauti za ploti hasa pale palipokuwa na tanuru na pale walipokuwa wanamwaga tindikali. Ikionekana iko juu, njia iliyofanya kazi ni kuuondoa ule udongo wa juu na kuleta msafi. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 walifanya hivyo kijiji kwa kijiji baada ya watoto zaidi ya 400 kufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu, waliondoa udongo wa kwenye nyua wakauzika mbali, na mtoto akitoka hospitali hawakumrudisha nyumba ambayo haijasafishwa. Wakati wa kuchimba mwagieni maji vumbi lisiruke, na udongo usimpe mtu wa kujaza shimo lake, uliza NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) unapelekwa wapi.

Kama hela haitoshi kuondoa wote, funika: zege, au kitambaa kigumu kisha udongo safi juu yake, mboga ulime kwenye vitanda vilivyoinuliwa vyenye udongo wa kuletwa. Na kama watoto wameshacheza hapo wapime damu, usisubiri waugue.

SWALI: Dada mimi niko Unguja, kisima changu na shimo la choo la jirani ni hatua chache tu, ila nachemsha maji kila siku. Nina mtoto wa miezi mitatu anakunywa maziwa ya kopo. Niko salama? – *Mama Kachanga*

JIBU: Kwa vijidudu kuchemsha kunakusaidia, kwa mtoto haitoshi. Choo kinatoa pia naitreti, haina rangi wala harufu, na ukichemsha, maji yanapungua lakini naitreti inabaki, kwahiyo inazidi kukolea. Kwa mtoto chini ya miezi sita naitreti nyingi inazuia damu kubeba hewa, ukimuona midomo au kucha zinakuwa za bluu kimbia hospitali hapo hapo. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita na kipimo chake ni rahisi.

Umbali unaosemwa kila siku ni mita 30, lakini huko kwenu ardhi ni mawe ya matumbawe yenye matundu, uchafu unaweza kupita mbali kuliko hapo bila kuchujwa, kwahiyo hata ukihamisha kisima upande wa pili wa kiwanja pima kabla hujamwamini fundi. Ongea na jirani kwa utaratibu, shimo lisakafiwe chini na pembeni na linyonywe kabla halijajaa. Wakati unasubiri majibu ya maabara, maji ya maziwa ya mtoto yawe ya dukani au ya bomba lililopimwa, ya kisima yabaki ya kufulia na kudeki.