Raga ya wachezaji 13: anza kwa kuhesabu mpaka sita

Juzi mdogo wangu mmoja wa Lindi kaniandikia kwa hasira: timu yake ya ligi ya Australia haikucheza, ila kwenye msimamo imeongezewa pointi 2. Rushwa? Hapana. NRL, ndiyo ligi hiyo, ina timu 17 tangu 2023, kwa hiyo kila raundi lazima mmoja akose mpinzani. Anayepumzika hupewa pointi 2, sawa na aliyeshinda.

Swali hilo limenifurahisha sana. Nilipoanza kuufuata mchezo huu hapa Mtwara, kijiweni waliniambia ni vurugu za wasio na kazi. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma bado. Leo ni walewale wanaoniuliza mechi ni saa ngapi.

Achana kwanza na kitabu cha sheria, hesabu. Wenye mpira wana nafasi sita za kukabwa. Mtu akiangushwa, mtazame anavyonyanyuka: anauweka mpira chini, anauburuza nyuma kwa soli ya kiatu, mwenzake anauokota. Wapinzani, ukiacha wawili wanaoruhusiwa kusimama mbele yake, wamerudi mita 10. Hiyo moja. Ya tano ikifika, refa ananyoosha mkono juu, vidole vitano wazi, nawe ujue mkwaju unakuja, maana wakikabwa mara ya sita mpira ni wa wapinzani. Raga ya watu 15 haina hesabu hiyo. Michezo hii ilitengana Huddersfield, Uingereza, mwaka 1895, kwa ugomvi wa kuwafidia wachezaji ujira walioukosa kazini kwa sababu ya mechi. Pointi utazizoea tu: trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) 4, mkwaju unaofuata 2, penalti 2.

Ratiba ndiyo inayowatupa wengi. Msimu unaanza Machi, fainali mwanzoni mwa Oktoba, huku kwetu watu wako kwenye korosho. Kati ya Mei na Julai kuna State of Origin, mechi tatu za timu za majimbo ya Queensland na New South Wales, zinazochukua wachezaji kutoka klabuni. Klabu zinabaki bila nyota wao, na vinara wanafungwa. Usiihukumu timu kipindi hicho! Vijana mna haraka, mnahama kila mkifungwa. Shabiki hukaa.

Kuanzia Aprili Sydney wako mbele yetu kwa saa saba. Mechi yao ya Ijumaa saa mbili usiku inagongana na sala ya Ijumaa kwetu, kwa hiyo mdogo wangu chukua ya Jumamosi: saa kumi na moja na nusu jioni kwao, kwetu saa nne na nusu asubuhi.