Ukisema "leteni damu", hakuna atakayeleta

Saa tisa usiku, leba, kituo cha afya kimoja hapa mkoani Kigoma ambacho sitakitaja. Mama kajifungua, mtoto analia vizuri, kondo limetoka, lakini damu haikatiki. Daktari akapaza sauti: "Leteni damu!" Tulikuwa watano mle ndani. Mimi nilishika dripu, nikajua mwenzangu kaenda. Mwenzangu akajua mhudumu kaenda. Mhudumu akajua hilo si jambo la mhudumu. Mtaalamu wa maabara, hatua sitini kutoka pale, alikuwa macho kabisa na redio yake ndogo, na yuniti mbili (yaani mifuko miwili) za damu ya kundi la mama yule zilikuwa kwenye jokofu. Zilipita dakika ishirini na kitu ndipo mtu akauliza, "Kwani nani kaenda?"

Mama yule alipona. Ile "leteni" ndiyo haijanitoka. Ni amri ya watu wengi, na amri ya wengi ni kama ng'ombe wa ukoo: kila mmoja anaamini kuna mwingine kamnywesha maji.

Nimekuwa nikiendesha mazoezi ya dharura kazini tangu wakati huo, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: msiende hotelini. Semina zetu tunazijua. Madaktari wana wiki yao, wauguzi wana yao, watu wa maabara labda mwakani. Kila kundi linarudi na cheti likiwa limeiva kwenye sehemu yake. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2010 kwamba kujifunza kwa pamoja ni pale watu wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Sisi tukikaa ukumbi mmoja tukala wali pamoja, tunaona tumemaliza.

Fanyeni zoezi leba kwenyewe, wakati wa kukabidhiana zamu, nusu saa, na mlirudie mara kwa mara, maana uhamisho hautuachi: ukikaa miezi kadhaa, nusu ya uliowafundisha wako Kibondo. Mtaulizwa habari ya posho. Mimi nilileta chai na chapati. Zilituliza mjadala wiki mbili, ya tatu ukarudi.

Vifaa si lazima viwe vya dukani. Mimi nilichemsha choya, ile ya juisi nyekundu, iwe damu yetu (bila sukari, la sivyo sisimizi watahudhuria), nikapima nusu lita, nikaimwaga kiasi kwenye khanga kuukuu, kiasi kwenye beseni, kiasi sakafuni. Kisha nikampa kila mtu karatasi aandike "mama" kavuja damu kiasi gani. Daktari aliandika mililita 200. Mimi mwenyewe, nilipojaribiwa na mwenzangu siku nyingine, niliandika 250, na leba nimekaa miaka kumi na moja. Mhudumu wetu, mama wa makamo anayezifua nguo zile kila asubuhi, hakutaka karatasi. Aliinyanyua khanga, akaipimapima mkononi, akasema, "Hii nusu lita, dokta. Ya namna hii huwa siitakatishi kwa maji ya beseni moja."

Nusu lita ndicho kipimo tulichofundishwa kwamba mama akikifikia baada ya kujifungua kawaida, anavuja kupita kiasi. Macho hupunja damu, na ikichanganyika na maji ya uzazi hupunja zaidi. Tangu siku ile mhudumu yule hatolewi nje dharura ikiingia. Kazi yake ni kutaja kiasi kwa sauti, na daktari anamsikiliza.

Sasa ile "leteni". Tulikubaliana anayeongoza amtaje mtu mmoja na amwambie kwa umoja: nenda, lete, piga. Aliyeagizwa anarudia alichosikia, "naenda maabara, yuniti mbili," ndipo anatoka. Ni rahisi kuandika, ila mdomoni ni kazi. Daktari wetu ni kijana, na muuguzi mkuu wa zamu ana umri wa mama yake. Kumwambia "lete" kavukavu, ulimi unakataa, kwa hiyo alikuwa anaiagiza hewa: "Jamani, oksitosini!" (ile dawa ya kukaza mfuko wa uzazi). Tuliyamaliza hivi: "Mama, lete oksitosini." "Mzee, washa gari." Shikamoo keshaitoa asubuhi, na wao wamekubali mbele ya wote kwamba "naomba" itasubiri mpaka damu ikatike.

Mteueni pia wa kuandika saa. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, hutakiwa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kama hakuna aliyeandika mtoto katoka saa ngapi, mtabishana huku dawa iko mkononi.

Ugumu mkubwa ni kumkosoa mkubwa. Siku moja nilipanga na daktari akosee makusudi, aagize kundi la damu ambalo silo. Chumba kizima kilisikia. Mtaalamu wa maabara akatazama viatu vyake. Damu ya choya ingeingia mwilini hivi hivi! Tulipomuuliza baadaye alisema, "Nilidhani dokta kaona kitu mimi sijakiona." Ndiyo maana sasa tuna neno letu: yeyote akisema "nina wasiwasi", mikono inasimama na anasikilizwa. Tulianza pia kujitambulisha kabla ya upasuaji, jina na kazi, hata kama mlikunywa chai pamoja. Watu walicheka. Nikawaambia jambo hilo limo kwenye orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo pale Ifakara, na matokeo yakachapishwa 2009: vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kicheko kilipungua. Hakikuisha.

Zoezi likiisha, kaeni dakika kumi, na wa cheo cha chini aanze kusema. Akianza mganga mfawidhi, wote waliobaki watakuwa wanakubaliana naye. Sisi tulimwanzisha mlinzi. Akasema mlango wa kuelekea maabara hufungwa kufuli kuanzia saa nne usiku, na ufunguo hukaa na walinzi getini, kwa hiyo wauguzi huzungukia jikoni. Wakubwa wote wanafanya kazi mchana. Hakuna kati yao aliyekuwa anajua. Nami nikahesabu upya zile hatua zangu sitini.

Ufunguo siku hizi unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa leba, umefungiwa kipande cha kitenge chekundu.